Mjadala: Tuandike kanuni za mwenendo kwa wachangiaji wa programu huru, au malezi yanatosha?

MwanaWaWete (mwenye mada)
Assalaam aleykum. Nalileta suala hili hapa kwa sababu kwenye kikundi chetu cha tafsiri limezimwa. Wengi wenu mnajua tunafasiri programu huru, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzinakili na kuzibadilisha, kwa Kiswahili, Unguja na Pemba, kazi ya kujitolea, halipwi mtu hata senti. Mwezi uliopita dada mmoja wa Micheweni, mgeni kwetu, alituma mistari 214 ya tafsiri. Kuna pahala aliandika "ondosha" tulipozoea "futa", na "tia nenosiri" tulipozoea "weka nenosiri". Mhakiki wetu akamjibu mbele ya wote: "Hiki Kiswahili au Kipemba cha shamba? Kajifunze kwanza ndipo uje." Dada hajaandika tena.

Suala langu: tuandike kanuni, na anayezivunja aonywe, akirudia asimamishwe, hata kama nusu ya kazi ameifanya yeye? Ubuntu, wenye mfumo huru wa kompyuta, walianza nazo. Debian, wenye mfumo mwengine kama huo, walizipigia kura 2014. Sisi tunangoja nini?

FundiDarajani
Adabu haiandikwi. Mtu kalelewa au hakulelewa. Chuoni tulisomeshwa kwa bakora, aliyekosea herufi akisahihishwa mbele ya wenzake, na leo tunasoma. Linus Torvalds alikuwa akiwafokea watu miaka yote hiyo tangu alipoanza Linux 1991, na kernel yake, yaani kiini cha mfumo, ndiyo inayoendesha simu nyingi mnazoandikia hapa. Mhakiki wetu ni mkali, lakini bila yeye tafsiri ingejaa takataka. Na tuwe wakweli, ndugu zetu wa Pemba wepesi wa kuhamaki. Neno dogo tu, mtu kasusa.

KarafuuKavu
Wepesi wa kuhamaki? Nilikuja kuchangia habari ya kanuni, sasa naiwacha kwanza. Mimi mzaliwa wa Konde. Nimefasiri na nyinyi miaka minne, umeme ukikatika naandika kwa simu, bando nanunua kwa fedha yangu. Lini mliniona nimesusa? Mtu katukaniwa lugha ya mamaake, akanyamaza, akaondoka na heshima yake. Angekuwa mwenye kuhamaki angejibu, na nyote mngelisoma hilo jibu.

MpigaDau
Yakhe Fundi, mfano wako wa Linus umeishia njiani. Septemba 2018 yeye mwenyewe aliwaandikia wenzake akaomba radhi kwa maneno yake, akasema anakaa pembeni kwa muda apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Siku zile zile kernel ikachukua kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, kanuni za mfano zinazotumiwa na miradi mingi ya programu huru, wakaiwacha ile karatasi yao fupi ya 2015. Kwa hiyo shahidi uliyemleta amekwisha kubadilisha maneno yake.

FundiDarajani
Alifukuzwa. Walimsukuma wanaharakati.

MpigaDau
Hakufukuzwa. Oktoba mwaka ule ule alirudi kwenye kazi yake. Kasome.

BintiVuga
Mimi nilikuwemo kwenye kikundi siku ile, na nataka kusema jambo ambalo halijasemwa. Jibu la mhakiki nililiona dakika ile ile lilipoandikwa, na najua wengine walioliona. Hapana aliyesema "taratibu, huyu mgeni". Hapana aliyemuandikia dada faraghani. Mimi nilifunga simu nikenda kupika. Nikirudi usiku, mazungumzo yameshahamia kwenye toleo jipya. Hilo ndilo linalonikereketa kuliko neno la mhakiki, maana mhakiki ni mtu mmoja na sisi tulikuwa wengi.

Kanuni ningezitaka kwa sababu hiyo. Zile za Contributor Covenant, kwenye toleo la 2020, zina ngazi nne: kusahihishwa, kuonywa, kusimamishwa kwa muda, na mwisho kabisa kutolewa. Ngazi ya kwanza ni mtu kuelezwa faraghani kuwa alichosema hakikufaa na kwa nini, na pengine kutakiwa aombe radhi. Ingekuwepo, pangekuwa na mtu mwenye kazi hiyo, na mimi nisingelikaa nikingoja mwengine aseme.

FundiDarajani
Bi Vuga, kanuni hizo zimeandikwa Marekani na watu wasiojua hata salamu zetu. Kwetu mdogo akikosewa na mkubwa wanakaa wazee, jambo linakwisha kwa kahawa. Leo tuletewe karatasi ya ngazi nne? Na programu ni huru. Anayechukizwa anakili msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, aanzishe tawi lake, afasiri anavyopenda. Leseni inamruhusu. Nani kafungwa?

MwanaWaWete
Leseni inaruhusu, kweli. Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, na mradi wake wa GNU walipigania hivyo tangu 1983, mtu aweze kuchukua, kubadilisha na kuwagawia wengine. Lakini haki ya kunakili msimbo hainakili watu. Pemba nzima tuko sita tunaofanya kazi hii. Tukitoka sita, nani atatuhakiki, nani atapeleka kazi kwa wenye programu, nani atajibu wakiuliza? Tutakuwa na nakala safi na hapana mtu ndani yake.

Na hao wazee unaowasema, Fundi, walikaa lini? Dada ana wiki tano.

MaalimWaSkuli
Nimesoma yote. Niruhusuni niingie kwenye lugha, kwa sababu hapo ndipo fitina ilipoanza. Kuita "ondosha" Kipemba ni kutojua. Limo kwenye kamusi na linasemwa Malindi, Mwembeladu, Makunduchi mpaka Mkoani. Mamaangu alikuwa akisema "ondosha sahani" kila siku na hakupata kuvuka kwenda Pemba. Mnasahau kuwa Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Waliamua Mombasa mwaka 1930. Sasa mtu wa mjini anamtukana mtu wa kisiwa cha pili kwa neno lake mwenyewe.

Shangani77
Maalim, mkutano wa Mombasa ulikuwa 1928. Mwaka 1930 ndipo ilipoanza ile Kamati ya Lugha. Na hapo hapo ndipo penye tatizo: walichagua Kiunguja, kwa hiyo kuna sanifu na kuna lahaja. Ukiruhusu kila mtu atie lahaja yake tutakuwa na Kikae kwenye menyu, Kitumbatu kwenye mipangilio na Kimvita kwenye msaada. Mtumiaji atapotea.

KarafuuKavu
Umeandika "kila mtu *atie* lahaja yake". Tia. Neno lile lile alilotukanwa nalo dada, wewe umelitumia bila kufikiri, kwa sababu ndivyo unavyosema nyumbani kwenu.

Shangani77
Nyumbani si kwenye kiwambo cha kompyuta.

KarafuuKavu
Kumbe lugha ya nyumbani haina haki ya kukaa kwenye kompyuta? Basi tunafasiri kwa ajili ya nani? Bibi yangu asome Kiingereza tu.

Shangani77
Usinitilie maneno mdomoni. Na wewe unayepiga kelele hapa, mwaka huu umefasiri mistari mingapi? Nimeangalia. Tangu Mfungo Tatu jina lako sijaliona.

KarafuuKavu
Tangu Mfungo Tatu nauguza. Kama ungeuliza ningekwambia.

MpigaDau
Jamani, Shangani, hilo lirudishe. Mtu hupimwa kwa mistari akiwa anauguza?

Nisemalo ni hili. Mwaka 2016 ilipoanza kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni kwa ajili ya ramani, wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwemo, na mimi nilifuatana nao siku chache Kaskazini. Kijana mmoja aliharibu mruko wa asubuhi nzima. Mkubwa wetu alimuita kando chini ya mwembe, wakakaa, wakaangalia pamoja alipokosea, mchana akamrushisha tena mbele ya wote. Karatasi haikuwepo. Lakini yule mkubwa alikuwepo. Hapa kwetu hatuna mtu kama yule, ndiyo maana na mimi, niliyekuwa sitaki karatasi, sasa naitaka.

MhakikiMwenyewe
Ni mimi mnayenizungumza. Nimesoma kimya siku tatu.

Neno "shamba" nililiandika, na silitetei. Lakini sikubali kuwa nilikuwa natukana kisiwa. Siku ile nilikuwa na maombi arobaini ya kuhakiki, na "tia" ilinikera kwa sababu ambayo sikuieleza. Programu hii inatumiwa Mwanza, Nairobi na Lubumbashi. Huko bara ukisema "tia" peke yake watu wanacheka, ina maana nyingine isiyotajwa mbele ya wakwe. Juu ya kitufe, penye nafasi ya neno moja tu, siwezi kuiwacha. Na "futa" tunaitumia tangu mwanzo, mtumiaji ameshaizoea. Mkitaka kunitoa nitoeni, lakini mtafuteni kwanza atakayeyahakiki hayo arobaini.

MgeniWaMicheweni
Assalaam aleykum nyote. Nimetumiwa huu mjadala na mwenzangu. Mimi ndiye.

Maalim mhakiki, hiyo sababu ya "tia" sikuijua. Hapa kwetu tunatia sukari, tunatia chumvi, tunatia mafuta kwenye taa, haina ubaya. Ungenieleza siku ile ningeibadilisha kabla ya adhuhuri, na nitaibadilisha sasa.

Lakini "ondosha" sikuiandika kwa lahaja. Tazama mistari yangu. Pahala faili linapopotea moja kwa moja nimeandika "futa", kama nyinyi. Pahala tisa tu nimeandika "ondosha", na zote tisa ni pale kitu kinapotoka kwenye orodha lakini bado kimo kwenye kompyuta. Kwa Kiingereza ni maneno mawili mbalimbali, na tafsiri yetu ya zamani imeyafanya moja. Ami yangu alibonyeza "futa" akidhani picha za harusi ya mwanawe zimepotea, akakaa na huzuni siku mbili, na kumbe zimo. Ndiyo sababu niliomba kuingia kwenye kikundi.

Sikususa. Niliuliza mara mbili kama kuna mtu aliyeisoma mistari yenyewe, na sikujibiwa na mtu yeyote. Nikaona niwache.

MhakikiMwenyewe
Nimefungua. Mistari 1 hadi 60 nimeisoma sasa hivi. Pahala pa tatu, pa orodha ya picha, uko sawa. Nimeipitisha. Nyengine nitaisoma baada ya isha. Bi dada, niwie radhi kwa neno nililokwambia.

Shangani77
Sawa, lakini bado nauliza, tukikubali "ondosha" leo, kesho tutakataa lipi? Lazima tuandike orodha ya maneno kabla ya kuandika hizo kanuni.

MaalimWaSkuli
Na orodha hiyo ipelekwe BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

FundiDarajani
Nakubaliana na Shangani. Orodha kwanza.

KarafuuKavu
Fundi, ulisema Wapemba wepesi wa kuhamaki. Bado nakungoja.