Salfa-35 siku saba kwenye friza la -80 na filamu imetoka tupu, nimekosea wapi?

Mwanagenzi_Protini
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama na sina wa kumuuliza, yule aliyekuwa anayajua haya mambo hapa maabara alishaondoka na waliobaki wamezoea mashine za kisasa tu. Nipo Ulaya masomoni, nafanya masters. Natengeneza protini kwenye tyubu kwa kutumia methionini (kiungo kimoja cha protini) yenye salfa-35, yaani salfa inayotoa mionzi, naipitisha kwenye jeli, halafu naweka filamu ya eksirei nione bendi, ile mistari ya protini. Nimefuata maelekezo niliyokuta kwenye daftari la zamani la maabara: jeli ikiwa mbichi nikaifunga nailoni ile ya kufunikia chakula, nikalaza filamu juu yake, nyuma ya filamu ile skrini ya kuongeza mwanga, nikafunga kaseti nikatia friza la -80 siku saba. Jana usiku nikaingia chumba cha giza kusafisha, filamu imetoka tupu kabisa, ubluu wa plastiki yenyewe tu na alama ya kidole changu pale kona. Kinachoniuma ni kwamba mionzi ipo, nilipima tone la ile protini kwenye mashine ya kuhesabu na ikasoma vizuri tu. Je nirudishe wiki mbili zaidi au filamu ndo imeharibika?

kibao_cha_jeli
Pole sana mkuu. Mi ningeirudisha tu wiki tatu hivi, salfa-35 inapungua nusu kila siku 87 kwahiyo bado nguvu ipo ya kutosha.

Fundi Chumba cha Giza
Samahani mkuu kibao, hapo ndo atapoteza wiki tatu bure. Mwanagenzi, hebu kaangalie hilo daftari vizuri, nina hakika kubwa mwenye daftari alikuwa anatumia fosforasi-32. Hayo maelekezo ni ya fosforasi mwanzo mwisho.

Iko hivi. Beta ya fosforasi-32, yaani chembe za mionzi inazotoa, ina nguvu sana, inakwenda milimita kadhaa kwenye maji, kwahiyo inatoboa nailoni, inatoboa filamu, inafika kwenye skrini nyuma, skrini inawaka kamwanga na ule mwanga unarudi kuichoma filamu mara ya pili. Ndo kazi ya skrini. Sasa beta ya salfa-35 nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile, kwenye maji hata ile yenye nguvu kuliko zote inakufa kabla ya theluthi moja ya milimita. Jeli yako mbichi peke yake ina unene gani? Karibu milimita moja eeh? Basi sehemu kubwa ya mionzi imefia humohumo ndani ya jeli, iliyobahatika kutoka imepunguzwa na nailoni, na hakuna ya maana iliyovuka plastiki ya filamu ikaifikia skrini. Skrini yako imekaa gizani wiki nzima bila kuguswa.

Na hilo la friza watu wengi wanalibeba kama desturi bila kujua sababu yake. Kwenye filamu kuna vichembe vya fedha na bromini. Beta ikigonga kichembe moja kwa moja inakimaliza palepale, ukisafisha kinakuwa cheusi, iwe baridi iwe joto. Ila mwanga unafika kidogokidogo, chembe moja ya mwanga inatengeneza atomu moja tu ya fedha na hiyo haitulii, kwenye joto la kawaida inarudi ilikotoka ndani ya kama sekunde moja kabla mwenzake hajaja. Baridi ya -70 au -80 inaichelewesha, mwenzake anaikuta bado ipo. Kwahiyo friza linasaidia palipo na mwanga. Wewe hukuwa na mwanga wowote, kwahiyo hata friza halikukusaidia kitu.

dada_isotopu
Fundi kasema yote, niongezee ya mikono maana salfa nimeifanyia kazi miaka. Jeli lazima ikauke. Ilaze juu ya karatasi nene ya kuchujia, weka kwenye mashine ya kukaushia yenye vakyumu, joto 80, saa moja na nusu hadi mbili, na usifungue vakyumu mapema, ikifunguliwa jeli bado mbichi itapasukapasuka kama tope la kiangazi na bendi zako zitatengana. Mi huwa nagusa juu ya kifuniko kwa kiganja kilichovaa glavu, pakiwa pa baridi kuliko pembeni maji bado yapo. Halafu weka filamu igusane na jeli yenyewe, nailoni hapana. Na kama filamu yako ina dawa upande mmoja tu hakikisha upande huo ndo unatazama jeli, nimeshaona mtu kageuza akalia.

Kingine, methionini ya salfa-35 inatoa mvuke wenye mionzi, fungua vichupa kwenye kabati la hewa na upime mtego wa ile vakyumu ukimaliza, tafadhali usipuuze hili mdogo wangu.

Fundi Chumba cha Giza
Kweli kabisa dada. Mionzi dhaifu inataka kugusana na uvumilivu. John Cairns mwaka 1963 alipotoa picha ya DNA nzima ya bakteria E. coli alitumia tritiamu, haidrojeni yenye mionzi, ambayo beta yake inaishia maikromita kama 6 tu, akalaza dawa ya filamu juu ya DNA yenyewe akasubiri kama miezi miwili, akapata uzi wenye urefu wa kama milimita moja. Naiangalia ile picha mpaka leo nasisimka.

Ukitaka haraka zaidi loweka jeli nusu saa kwenye salisileti ya sodiamu, molari 1, kabla ya kukausha. Hapo beta ikigonga hiyo salisileti mwanga unazaliwa ndani ya jeli yenyewe, na hapo ndo friza la -80 linakuwa na maana. Ila kama uligandisha protini ndani ya jeli kwa asidi, isuuze kwanza yote kwa maji, usiposuuza utaona unga mweupe umejaa juu ya jeli.

Mwanagenzi_Protini
Wakuu nimerudi. Daftari kweli ni fosforasi-32, imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa na mi nilianzia wa nne. Jeli ya pili nimekausha, nimelaza filamu moja kwa moja bila skrini, kaseti nikaiacha kwenye droo joto la kawaida siku tatu. Leo asubuhi kwenye dawa ya kusafishia bendi imeanza kutokea taratibu kama kivuli halafu ikakolea, palepale nilipoitegemea, na ndogo nyingine mbili chini yake. Mungu awabariki sana. Hizo ndogo mbili nawaulizeni, ni protini iliyokatika au tafsiri, yaani ule utengenezaji wa protini, inaanzia katikati?