Naomba ushauri: mtoto wa darasa la tano kaniuliza kuhusu dini yetu na ya jirani, nimeshindwa kujibu

Mgosi wa Muheza:
Habari za jioni wanajamvi. Hili jambo limenikaa kifuani tangu Jumatano.

Mwanangu karudi na daftari la kipindi cha dini. Swali lilikuwa amri ya sita inasemaje. Aliandika "Usiue", nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Mwalimu kamkosesha na kumwandikia "Usizini". Nikapandisha hasira, nikasema kesho naenda shuleni. Mke wangu, aliyelelewa Kilutheri, akaniletea Katekisimu Ndogo yake: amri ya sita, Usizini. Mimi ni Mwanglikana, nina kipaimara, nina miaka 41, na siku zote nasikia watu wakisema "fulani kavunja amri ya sita", yaani kazini. Sikuwahi kujiuliza mbona kwetu hiyo ni ya saba.

Binti wa jirani alikuwepo, huwa wanafanya kazi za shule pamoja. Akasema, "Sisi Yesu tunamwita Isa, na mama yake ana sura yake kwenye Msahafu." Mwanangu akanigeukia: "Kweli, baba?" Sikuwa na jibu. Jioni nikamuuliza jirani, mtu wa swala tano ninayemheshimu sana. Akaniambia kwa unyonge kwamba alihitimu Msahafu akiwa mdogo, sura hiyo anaisoma vizuri, lakini maana yake hakufundishwa.

Tumepakana ukuta miaka tisa. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu. Nataka kusoma, ya kwangu na ya kwake. Mke wangu anahofia tutamchanganya mtoto, nami nahofia jirani asidhani namwandalia mhadhara. Nianzie wapi?

Mama Katekista:
Pole ndugu yangu. Mwalimu hakukosea, nawe hukukosea. Fungua Kutoka 20 uhesabu na mtoto, utaona maandiko yenyewe hayakuzipa amri namba. Wakatoliki na Walutheri tunafuata mpangilio wa Mtakatifu Augustino: katazo la sanamu limo ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kunagawanywa kuwa ya tisa na ya kumi. Ninyi mmelitenga la sanamu likawa la pili, ndipo zinazofuata zote zikasogea.

Usijione peke yako. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu watu wazima maana ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, na wengi hujibu ni kutungwa mimba kwa Yesu. Ni Maria mwenyewe, aliyetungwa tumboni mwa mama yake bila dhambi ya asili. Papa Pius IX alilitangaza fundisho hilo 1854. Huwa nawaambia wahesabu kalenda: toka 8 Desemba, sikukuu ya Mkingiwa, hadi 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa Maria, ni miezi tisa kamili.

Abu Nasra:
Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi nafundisha madrasa, na maneno ya jirani yako yameniuma kwa sababu ni kweli. Tunawahifadhisha watoto Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, ukimuuliza mtoto sura fupi ya Qul huwallahu inasema nini, ananyamaza.

Binti kasema sawa. Ni sura ya 19, Maryam, aya 98, na Bibi Maryam ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'ani. Tafuta tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ya 1969, ina maelezo chini. Muombe jirani msome pamoja, yeye akusomee Kiarabu, wewe umsomee Kiswahili. Hapo hakuna mhadhara.

Ila usimwambie mtoto kuwa ni yale yale. Kwetu Isa ni mtume, si mwana wa Mungu, na sura ya 4 aya ya 157 inasema hakusulubiwa. Mwambie wazi, hatachanganyikiwa.

Mbeba Maono:
Mimi napinga. Mtoto wa miaka kumi akomae kwenye ya kwake kwanza. Ya jirani atayakuta ukubwani.

Mgosi wa Muheza:
Mkuu, nakuelewa, mke wangu anasema hivyo hivyo. Lakini mimi nilisubiri ukubwa, na ukubwani sikuyakuta, hata ya kwangu.

Dada wa Minnesota:
Huku Marekani kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu maswali 32 ya dini mwaka 2010. Zaidi ya nusu ya Waprotestanti hawakujua kuwa Martin Luther ndiye aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, yaliyozaa Uprotestanti wenyewe. Kaka, anza tu.

Mgosi wa Muheza:
Mrejesho. Jana tumehesabu Kutoka 20 kwa vidole, mimi kwa mpangilio wangu na mama yake kwa wake, mtoto akiandika safu mbili. Leo atampelekea mwalimu. Jirani kaazima tafsiri msikitini, tumeweka na Luka 1 pembeni, malaika akimjia Mariamu. Tulisoma hadi saa nne usiku.

Abu Nasra, bado uko hapa? Kwenye aya ya 29 na 30 mtoto mchanga anasema akiwa bado mikononi mwa mama yake. Nimepekua Injili zote nne, sijaliona hilo. Mwanangu anauliza kwa nini kwetu halipo. Nimjibuje?