Zamu za kulala na mama, kemo (dawa ya kansa) ya tatu

Da Zuhura 18:12
Jamani kemo ni Alhamisi nataka majina ya zamu leoleo, tiki za buluu naziona zote msijifiche

Da Zuhura 18:16
Kwa ambao hawakuwepo mara ya pili. Ile dawa ya kuzuia kutapika, deksamethasoni, ndo inampandishia sukari. Asubuhi ilikuwa 8 tukashangilia, jioni 19, usiku kucha anaamka kwenda chooni. Siku ya nne dawa imeshamtoka, kichefuchefu kimembana hali kitu, akajidunga insulini ileile ya siku zote ikashuka 2.9, nimemkuta anatetemeka jasho linamtiririka ananiita jina la marehemu mama yake. Kwa hiyo kulala naye ni Alhamisi mpaka Jumatatu sio usiku mmoja wa kupiga picha

Juma 18:40
mi sindano hata ya jirani nikiiona nazimia 😂

Wifi Mwanaidi 18:41
Ulizimia siku ya chanjo ya mwanao 😂😂

Juma 18:41
nilikuwa sijala wifi

Da Zuhura 18:45
Juma, mama anajidunga mwenyewe, kazi yako kupima na kuandika kwenye daftari. Kidole cha mkono wa kushoto, kulia ndo walikotoa matezi, muuguzi kasema hata presha huko asipimwe

Wifi Mwanaidi 19:20
Dada na hili la sukari kulisha kansa? Mama siku hizi wanga hagusi kabisa

Da Zuhura 19:24
Nilimuuliza daktari mama akiwepo. Njaa haiui kansa, anayeisha ni yeye. Ikishuka chini ya 4 mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, dakika 15 mnapima tena. Akizimia msimtie kitu mdomoni, hospitali. Na joto likifika 38 ni hospitali hapohapo hata saa nane usiku msisubiri kupambazuke, kinga yake iko chini

Kaka Kassim 21:03
Nimeona. Niko kazini. Dada wa kazi si analala pale?

Da Zuhura 21:04
Wakati wa baba ulisema hivihivi Kassim

Kaka Kassim 21:09
Ya baba yameingiaje hapa. Nilikuwa natuma hela kila mwezi na hakuna aliyeniambia hali imefikia wapi

Da Zuhura 21:09
Uliambiwa.

Juma 21:11
jamani presha nazo zitapanda sasa tutahitaji mashine mbili 😅

Wifi Mwanaidi 21:30
Kuna kitu sijasema. Jana namvua mama kiatu nimekuta kifuniko cha kalamu ndani, katembea nacho tangu asubuhi hakusikia, kidole kidogo kimechubuka mpaka damu. Kaniambia nisikwambie dada

Da Zuhura 21:33
Mwanaidi!! Kisukari kilishagusa neva za miguu na kemo inaongezea, asubuhi piga kliniki, wasipojua watampa dozi ileile ya kemo

Shangazi Mkubwa 22:17
Nimesomewa yote. Juzi mama yenu kaniuliza, wifi hivi nimekuwa mzigo kwa hawa watoto. Sikuwa na la kumjibu. Kassim, kaka yangu alikata roho anakuulizia, hilo silirudii tena. Na wewe Zuhura unapanga kama mwenyewe hayupo. Muulize anataka nani alale naye.

Kaka Kassim 22:58
Shikamoo shangazi. Nisamehe. Ijumaa na Jumamosi nitalala mimi

Juma 23:10
mi Alhamisi. nitapima

Da Zuhura 23:15
Nimekusikia shangazi, nitamuuliza kesho. Jumapili na Jumatatu bado hazina mtu na Jumapili ndo siku ya nne. Halafu daktari nilimwomba aandike insulini apunguze kiasi gani siku asipokula, karatasi bado sijapewa

Wifi Mwanaidi 06:20
Mie Jumapili naweza mpaka saa mbili usiku tu. Stripu za kupimia sukari zimebaki 6. Daftari liko kwa nani?