Kinyonga ya mutoto wangu inafunga macho muchana, nifanye nini?

Mama Noella, Bukavu
Jambo wapenzi. Najua wengine mutacheka lakini basi. Niko huku ku kartiye ya Muhumba, mutoto wangu wa miaka tisa alitosha kinyonga ku muti ya avoka sasa ni mwezi moja na nusu, akaipa jina Kapita. Mi sikutaka, na mama mukwe wangu toka ile siku haingie tena mu saloni, anazunguka nyuma anapitia ku jiko, anasema ile nyama inaleta mukosi. Tuliiweka mu kartoni kubwa ya matundu karibu na kioo ya dirisha ili ipate jua, na kisahani ya mayi kila siku. Ilikuwa inakula senene na mapanzi muzuri, ulimi inatoka mbio hata hauone. Sasa siku ine haikule. Muchana inafunga macho, na macho yenyewe imeingia ndani, inashuka chini inakaa paka pale inakwangura kwangura kartoni, rangi imekuwa ya giza. Nilienda ku famasi moja ya dawa za nyama, muuzaji alicheka kwanza kisha akaniuzisha unga ya antibiotiki ya kuku, eti weka mu mayi. Sijaweka bado. Mutoto analia, hata masomo haishike. Nani anajua?

Fiston wa Goma
Mama, rudisha ile kitu ku muti. Mama mukwe wako ana haki 😂

Yaya Veto
Fiston wacha mambo yako, ukiirudisha ku muti na macho imefungwa, kunguru ataikula mbele ya saa sita.

Mama Noella, aksanti juu haujaweka ile dawa. Usiweke. Kipimo yake ni ya kuku, na nyama yenye imekauka mayi mu mwili, kuko dawa zenye zinaweza kuharibu mafigo yake kabisa. Mi nilisoma veterineri Lubumbashi na sikudanganye, tulisoma ngombe, nguruwe, kuku, mbwa, kinyonga nilijifunza mwenyewe kwa kufuga na kwa kukosea.

Kisahani toa, haina kazi. Kinyonga haijue kama ile ni mayi, ku pori inakunywa matone yenye iko ku majani, umande na mvua. Chukua bidoni ndogo, toboa tundu na sindano, itundike juu ya tawi ya majani mabichi itone pole pole hata nusu saa, asubui na mangaribi, na ukiwa na ile pompi ya kupulizia nguo mbele ya kupiga pasi pulizia majani (si uso yake). Macho kuingia ndani mara mingi ni kiu. Angalia na mavi yake, kuko kipande nyeupe njo mukojo, ikiwa ya rangi ya machungwa ujue mayi ilikosa siku mingi. Chakula usilazimishe sasa, mayi kwanza.

Ile jua ya ku kioo nayo ni ya bure. Kioo inapitisha joto lakini inazuia mwangaza yenye ngozi inatumia kutengeneza vitamini D, na bila ile vitamini kalsiyumu haishike mu mifupa. Itoshe nje asubui ku tawi, na kivuli karibu ili ichague yenyewe. Na asikuambie mutu uweke mbabula ya makala karibu juu eti inasikia baridi! Moshi itaiua, na kinyonga za milima yetu hazipendi joto kali, ikipita digri 30 utaiona inafungua kinywa.

Lakini kyenye kinanisumbua ni ile ya kukwangura chini. Kapita iko na pembe sawa dume? Tumbo iko namna gani?

Mwana Lushi
Yangu ilikufa mwaka jana, njo naandika. Nilikuwa naipa paka mapanzi tupu bila kitu ingine, mikono ikapinda sawa waya, kisha kidomo ikawa laini, haikuweza tena kutupa ulimi. Ni kalsiyumu ilikosa. Saga maganda ya mayai ya kuku yenye umechemsha na kukausha, iwe unga kabisa, weka kidogo ku wadudu mbele ya kuwapa, kama vile unatia chumvi. Na usiokote mapanzi ku bustani ya tomati, watu banapuliza dawa kule. Tena ukitaka kuipa dawa usifungue kinywa kwa nguvu, mi nilifanya vile nikavunja taya, hata leo nikikumbuka naona haya.

Mama Noella, Bukavu
Yaya pembe haina! Mi nilifikiri ni mwanaume tu. Tumbo kubwa, na ukigusa pole unasikia vitu sawa maharagi. Forfe ya interneti inaisha, jibu mbio tafadhali

Yaya Veto
Basi Kapita ni mwanamuke na iko na mayai, haina fasi ya kuyazikia, kartoni haichimbike! Hata bila dume inaweza kubeba mayai. Leo leo chukua ndoo, weka udongo na muchanga sentimita 25 hivi, iwe na unyevu, ukiikamata mu ngumi inashikana lakini mayi haitoke. Weka tawi ya kushukia, zungushia kitambaa, kisha muiache. Musichungulie, ikiona mutu inaacha kuchimba. Ikipita siku mbili inajikaza na mayai haitoke, pale si mambo ya nyumbani tena, inaomba sindano na mutu mwenye anajua, pengine hata kuipasua. Na mutoto anawe mikono kila mara akiigusa, inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Mama Noella, Bukavu
Siku ya tatu leo. Jana usiku tulisikia inachimba, nilikataza wote kuingia mu saloni. Asubui iko juu ya tawi, udongo ku pua, imekonda sawa jani. Tulifukua kidogo tukahesabu mayai 13 tukafunika tena. Ilikunywa matone muda murefu, macho moja imefungua, ile ingine nusu. Sasa musikilize: mama mukwe alipoambiwa Kapita amezaa alinyamaza kidogo, kisha akasema muzazi hafukuzwe, akatuma watoto ku majani kutafuta mapanzi. Ku saloni haingie, lakini anauliza ku mulango kama amekula.

Yaya Veto
😂 Salimia mama mukwe. Mayai musiyageuze, yaache mu udongo fasi ya baridi kidogo, ni ya kungoja myezi, na kama dume haikuwepo hayatatoka kitu. Mapanzi mawili matatu madogo kwa siku na unga ya maganda, mpaka ipate nguvu. Kisha mama, umuongeleshe mutoto pole pole airudishe ku muti, ile avoka iko karibu.

Mama Noella, Bukavu
Nilimwambia. Anasema mpaka macho ya pili ifunguke. Na mapanzi mu hii mvua munatosha wapi?