Kuunganisha majengo mawili kwa mwanga: inawezekana?

Mkahawa_Kagera:
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu ya ushirika iko Bukoba mjini, ghala liko mlimani ng'ambo ya bonde, kama mita 900. Ukipanda juu ya paa unaliona vizuri, hakuna mti wala jengo katikati. Tunapitisha mtandao kwa antena za redio za GHz 5, lakini jioni majirani wote wakiwa hewani, kasi inakufa. Kuchimba faiba hatuwezi. Je, mwanga utafaa?

FundiMnara:
Utafaa, mkuu. Mwaka 2021 mradi wa Taara, unaopitisha intaneti kwa mwanga, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwale uliovuka Mto Kongo, kilomita 4.8. Faiba ingezunguka zaidi ya kilomita 400! Kwa mfuko mdogo, tafuta michoro ya Ronja, kifaa cha kutuma data kwa mwanga kutoka Czech: taa nyekundu ya LED, megabiti 10 kwa sekunde, hadi kilomita 1.4. Michoro ni ya bure.

Kazi kubwa ni kulenga. Nguzo ikijipinda sehemu moja ya kumi ya digrii, huko ghalani mwale umeshahama mita moja na nusu. Kwa hiyo bomba refu juu ya bati achana nalo, funga kwenye zege. Mimi hulenga usiku: mwenzangu anawasha tochi ng'ambo, naitafuta kwa darubini, kisha nakaza skrubu polepole huku naangalia voltimita ya kipokezi, inayoonyesha mwanga umefika kiasi gani. Ukitumia leza, usiichungulie kwa darubini hata mara moja. Jicho litaungua.

Ghala liko upande gani?

Mkahawa_Kagera:
Magharibi kabisa, na liko juu kuliko ofisi.

FundiMnara:
Basi lenzi ya kuchunga dhidi ya jua ni ya kifaa cha ofisini. Bukoba iko karibu na ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua linatua magharibi hasa, na likishuka litapita nyuma ya ghala na kuingia kwenye lenzi. Dakika chache hizo mawasiliano yatakatika. Weka bomba refu jeusi mbele ya lenzi. Ya ghalani inatazama chini, jua halitaisumbua.

Nyamkazi:
Kaka, antena za redio usizing'oe. Ukungu wa asubuhi unakata mwanga kuliko mvua, maana vitone vyake ni vidogo na vimejaa hewani. GHz 5 haujali ukungu. Panga ruta ihamie redio yenyewe mwanga ukikatika, halafu irudi.