Hesabu iingizwe kwa lazima kwenye yale masomo saba ya Kidato cha Nne?

Wadau, tuongee bila kuzungukana. Kidato cha Nne hapa Tanzania daraja linatokana na pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa kafanya vizuri zaidi. Hesabu ni lazima uifanye, ila si lazima ihesabiwe. Mtoto anapata F ya Hesabu na bado anatoka na Divisheni Wani, picha yake inabandikwa getini.

Pointi zikiwa chache ndiyo bora. Chukua mwenye pointi 17, mwisho kabisa wa Wani. Somo lake la saba ana C, yaani pointi 3. Itoe, weka F ya Hesabu yenye pointi 5: anafika 19, hiyo ni Divisheni Tuu. Wakuu wa shule wangekosa usingizi! Leo wanalala vizuri tu, kwa sababu F hiyo haimgharimu mtu. Mwaka 2023 waliofaulu Hesabu walikuwa kama robo, na kufaulu kwenyewe ni kuanzia alama 30. Tulishtuka wiki moja, yakaisha.

Msimamo wangu: Hesabu iwe ndani ya saba, upende usipende. Karibuni.

Ticha wa shule ya kata: Mkuu, nafundisha somo hilo na nakupinga. Njoo usahihishe na mimi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anapanga vizuri milinganyo yake ya x na y, hatua zote zimenyooka, halafu anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Kila kitu kinaharibikia hapo. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, hajawahi kuijua. Mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ni kuchagua herufi, na herufi unaweza kubahatisha. Mimi niko peke yangu kwa mikondo yote. Unataka nimfundishe logarithimu au nirudi naye darasa la tano? Ukibadilisha ujumlishaji wa pointi, huyu atabaki na 2/5 yake, ila sasa na divisheni mbovu.

Mzazi: Wangu anataka sheria. Kikokotoo hakiruhusiwi, anasoma log kwenye jedwali mpaka macho yanauma. Za nini?

Mdau wa takwimu: Mzazi, wakili naye anagawa mirathi. Lakini karatasi tuiangalie: maswali 14, yote lazima, saa tatu. Sehemu A maswali kumi ya alama sita sita, B manne ya alama kumi kumi. Maswali matano kamili ya A yanakutoa kwenye F. Kwa hiyo shule inayojali ingeshikilia mada chache, uwiano, takwimu, seti, na kuwavusha wengi. Hazifanyi hivyo, na hapo namuunga mkono mleta mada: hakuna anayezidai shule Hesabu.

Mleta mada: Ticha, wewe umeeleza F inatoka wapi. Mimi nauliza kwa nini hakuna anayehangaika nayo. Mwalimu umebaki peke yako kwa sababu shule yako inaweza kutamba kwa matokeo bila Hesabu. Sisemi ianze kesho. Kanuni itangazwe kwa wanaoingia Kidato cha Kwanza, iwakute miaka minne mbele.

Ticha wa shule ya kata: Sawa. Kwenye hiyo miaka minne, mwalimu wa pili wa Hesabu naletewa mwaka wa ngapi?