Yule wa taa za paani kaniambia "nunua gari". NIMEEGEMEA GARI YANGU!

Wakuu, sijalala na sitalala. Mnamjua yule, mwenye ile gari nyeupe ya ngao mbele, taa mstari mzima paani kama jukwaa la taarabu. Msijifanye hamumjui, kila anayepita Morogoro Road usiku kashapofushwa naye.

Jana kaniganda nyuma tangu Mlandizi, fulu, na za paani juu yake. Ndani ya Passo yangu kukawa mchana. Nimeona bisi za mwanangu za tangu Krismasi chini ya siti. Majogoo wa Ruvu wakawika saa tano usiku. Nikainamisha kioo, nikawasha indiketa ya kushoto apite. Hapiti. Anafaidi.

Chalinze naingia sheli, naye huyu hapa, kaegesha ubavuni kwangu. Nikamwambia kistaarabu: "Kaka, taa zako zimenitesa, uwe unadimu." Akanitazama kuanzia kandambili hadi kipara: "Mzee, nunua gari."

NUNUA GARI. Wakuu, mkono wangu uko juu ya boneti, bado la moto! Na huyo mzee ni nani, mimi nina miaka 34? Mhudumu kacheka hadi kaniwekea mafuta ya elfu kumi na mbili badala ya kumi.

Na ukute kachomeka LED kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya halojeni, mwanga unatawanyika hadi juu ya miti. Barabara yenyewe haioni vizuri, ananiona mimi. Halafu mimi ndiye ninunue gari!

Mla_Mihogo: Mkuu, Passo si gari, ni bebiwoka. Kakupa ushauri wa bure.

Semi_Tunduma: Na nyie wa vigari mnaotembea na jicho moja? Unajua ni boda, unasogea kidogo tu, kumbe familia nzima.

MamaZuu: Afadhali yako kapita. Jirani yangu kaning'iniza taa ukutani inachungulia chumbani kwangu magharibi hadi alfajiri. Mvua za juzi kumbikumbi wa mtaa mzima walilala kwangu. Anasema ni ulinzi. Anamlinda nani, mimi na khanga yangu?

Mtoa mada: Dada pole, ila tuko kwenye NUNUA GARI.

Mvuvi_Mafia: Taa hizo hizo zinaua kasa. Watoto wakianguliwa hufuata mwanga wakidhani ndiko bahari, wanaishia nchi kavu. Taa ifunikwe juu, imulike chini, iwe ya njano, basi. Mbona si kazi?

Mla_Mihogo: Kasa nao wanunue gari.

Mtoa mada: Umeniudhi.

Kipanga77: Mnalilia taa, mimi juzi nimepigwa tochi ya trafiki, nina spidi 54 penye 50. Elfu 30 imeondoka hivi hivi.

MamaZuu: Wapi hapo?

Kipanga77: Pale kibao kimezibwa na mwarobaini.

Semi_Tunduma: Hahaha, pale pale! Mimi mara mbili wiki moja. Huo mti una hisa.

Mla_Mihogo: Hata mimi. Wanajificha nyuma ya banda la chipsi.

Mtoa mada: Jamani, mimi nilikuwa nasema mkono uko juu ya boneti…

Kipanga77: Mzee, subiri kwanza. Ukitokea Moro, hilo banda linatangulia au mwarobaini?